Alikuwaje kabla ya ile homa?

Kadi ya kliniki ya mwanangu naitunza kwenye bahasha ya kaki pamoja na vyeti vyangu vya shule na karatasi za kiwanja. Imechakaa, kona moja ililiwa na panya tulipokua tunapanga Mabogini, ila uzito wa kila mwezi bado unasomeka na pembeni kuna maneno ya nesi kwa kalamu nyekundu: homa kali, degedege, amelazwa. Tarehe inasomeka pia. Alikua na miezi 22.

Sasa hivi ana miaka tisa na ana usonji, ile hali ya ukuaji wa ubongo ambayo kwa Kiingereza wanaiita autism. Maneno anayotamka hayafiki thelathini, mengi ni ya vyakula na magari, lakini bajaji zote zinazopaki kijiweni kwetu Pasua, hapa Moshi, anazijua kwa namba, na ukimpitisha njia tofauti kwenda soko la Mbuyuni analia mpaka mrudi nyumbani muanze upya. Naandika haya kwa sababu wiki iliyopita kuna mama kanitumia meseji, mtoto wake wa miaka mitatu kaambiwa ana dalili, na swali lake la kwanza halikua la dawa wala la shule. Aliniuliza "dada, nilikosea wapi?" Hilo swali mimi nalijua, nimelala nalo kitanda kimoja miaka mitatu.

Huku kwetu mtoto akichelewa kuongea anayehojiwa ni mama. Wifi yangu alisema niliwahi mno kurudi kazini nikamwachia dada wa kazi na tivii. Jirani akasema ni chanjo (na hiyo ya chanjo nataka niimalize hapa hapa, ilitokana na makala ya mwaka 1998 iliyoandikwa kwa watoto 12 tu, jarida la Lancet lenyewe likaifuta mwaka 2010, na aliyeiandika alifutwa kwenye orodha ya madaktari Uingereza). Kuna mtu wa maombi alitaka tufunge siku saba kuvunja maagano ya ukoo wa kwetu, siyo wa baba, wa kwetu. Na mama mkwe, ambaye nampenda na yeye anajua, alishikilia kwamba degedege halichomwi sindano, kwamba tungempandisha kwanza mlimani kwa mzee anayelijua lile tatizo mtoto angekua sawa. Kila mmoja alikuja na jibu lake mkononi. Hakuna aliyeniuliza mtoto alikuaje.

Aliyeniuliza alikua daktari mmoja, sitamtaja wala hospitali sitaitaja maana sikumuomba ruhusa, nilimpata baada ya kuzungushwa sana. Nilikaa nikategemea dakika tano kama kawaida. Akafunga mlango akaniambia, "Mama, kaa vizuri, leo hatuna haraka, nisimulie huyu mtoto tangu mimba." Tukakaa karibia saa mbili. Alikua na makaratasi ya maswali na mengi yalikua vitu ambavyo sijawahi kufikiria kama vina maana kwa mtu yeyote isipokua mimi. Ukimnyonyesha alikua anakutazama usoni? Ukimwita jina anageuka au mpaka umguse? Alishawahi kukunyooshea kidole akuonyeshe kitu, siyo kuomba, kukuonyesha tu, kama ndege au mbwa anayepita? Alafu akashika ile kadi, akasoma maandishi mekundu, akauliza: "Na alikuaje kabla ya ile homa?"

Nililia pale, kwa kweli. Siyo kwa huzuni. Ni vile kwa mara ya kwanza mtu aliyesoma alikua anaandika ninachokisema kana kwamba ni kitu cha thamani.

Usiku ule mtoto alipolala nikanunua bando la usiku nikaanza kutafuta. Mimi ni mwalimu wa Baiolojia sekondari, kwa hiyo makala za kitaalamu zinanichosha ila hazinitishi, na kwenye kusoma soma nikakutana na jina moja ambalo lilikua linarudi, Susan Folstein. Ni daktari wa magonjwa ya akili, Mmarekani. Kama umewahi kumpeleka bibi au babu hospitali kwa ajili ya kusahau na wakamuuliza leo ni siku gani, tuko wapi, hebu toa saba kwenye mia, kile kipimo cha alama 30 alikitengeneza yeye na mume wake Marshal Folstein na Paul McHugh, mwaka 1975. Alafu alifanya kazi kubwa pale Johns Hopkins, Baltimore, juu ya Huntington, ugonjwa unaoharibu ubongo taratibu na ambao unarithiwa kwa jeni moja. Lakini mimi nilichomtafutia ni kitu alichofanya London mwaka 1977 pamoja na Michael Rutter, daktari wa akili za watoto wa kule Uingereza.

Ili uelewe uzito wake inabidi ujue hali ilikuaje kabla. Usonji ulianza kujulikana sana baada ya Leo Kanner, daktari wa akili za watoto, naye pia wa Johns Hopkins, kuandika juu ya watoto 11 mwaka 1943. Kwenye maandishi yake alisema watoto walizaliwa hivyo, ila pia akagusia kwamba wazazi wengi aliowaona walikua watu wa ubaridi fulani. Hiyo sehemu ya pili ndo dunia ikaibeba. Bruno Bettelheim, mwanasaikolojia wa Chicago, akaisambaza kwa nguvu, na kwa miaka mingi kule Ulaya na Marekani mama mwenye mtoto wa usonji alikua anaambiwa usoni kwamba mtoto amejifungia ndani yake kwa sababu mama hana upendo. Waliwaita akina mama friji. Yaani friji! Nilivyosoma hilo neno nikamkumbuka wifi yangu na tivii yake, nikaona kumbe hata waliosoma vyuo vikubwa walikua wanakaa kwenye kochi moja na wifi yangu. Kanner mwenyewe mwaka 1969 alisimama mbele ya mkutano wa wazazi akawatamkia kwamba hawana hatia, ila kutamka ni kitu kimoja, kuonyesha ni kingine.

Folstein na Rutter walionyesha. Walitafuta Uingereza nzima mapacha wa jinsia moja ambao angalau mmoja ana usonji, wakapata jozi 21. Jozi 11 ni mapacha wa kufanana kabisa, wale wanaotoka kwenye yai moja, na jozi 10 ni mapacha wa kawaida wanaotoka mayai mawili, ambao kwa damu ni sawa tu na ndugu waliofuatana isipokua wamekaa tumboni pamoja. Sasa fikiria, pacha wa kawaida wanazaliwa siku moja, wanalala kitanda kimoja, wananyonya ziwa moja, mama ni huyo huyo na ubaridi wake au joto lake. Kama tatizo ni malezi basi yampate na mwenzake. Matokeo: kwa mapacha wa mayai mawili hakuna jozi hata moja ambayo wote wawili walikua na usonji, sifuri kwa 10. Kwa wale wa yai moja, jozi 4 kati ya 11. Na walipopanua kidogo wakaangalia pia wale ambao hawana usonji kamili ila wana shida ya lugha au ya kujifunza, ikawa jozi 9 kati ya 11 kwa wa kufanana, na 1 tu kati ya 10 kwa wa kawaida.

Mwaka huu nimeifundisha hiyo kwa wanafunzi wangu, haipo kwenye mtaala wao ila niliiweka kwenye mada ya urithi, nikawachorea ubaoni bila kuwaambia ni ugonjwa gani. Nikawauliza nini kinatofautiana kati ya makundi haya mawili. Binti mmoja wa nyuma akajibu kabla sijamaliza, "Madam, damu." Ndo hivyo. Kabla ya 1977 watu walikua wanasema usonji haurithiwi kwa sababu kati ya ndugu mia wa watoto wenye usonji ni wawili tu hivi waliokua nao. Wawili kwa mia wanaonekana wachache kweli, mpaka ukumbuke kwamba kwa hesabu za miaka ile kwa watu wote ilikua watoto wanne au watano kwa kila 10,000, kwa hiyo wawili kwa mia ni kama mara hamsini zaidi. Ile hesabu ilikua imekaa mezani siku zote. Mwaka 1995 utafiti mwingine wa mapacha ambao Rutter alikuwemo ukapata asilimia 60 kwa wa kufanana na sifuri tena kwa wa kawaida. Na tofauti na Huntington, huku siyo jeni moja, ni nyingi, kila moja inachangia kidogo, na ndo maana huwezi kusimama kwenye kikao cha ukoo ukanyooshea kidole upande mmoja.

Ila kuna kitu kingine kwenye ule utafiti ambacho wengi wanakipita na mimi ndo nilikaa nacho usiku kucha. Zilibaki jozi 17 ambazo pacha mmoja ana usonji na mwenzake hana. Wakarudi kwa wazazi na kwenye rekodi wakaangalia kitu kilichompata mmoja tu, mfano kuchelewa kupumua alipozaliwa, au degedege utotoni, na katika jozi 12 kati ya hizo 17 wakakuta aliyepata usonji ndo aliyepata pia lile tukio la kuweza kudhuru ubongo. Nilivyofika hapo nikainuka nikaenda kuichukua bahasha.

Kwa sababu tayari nilikua nimeona jina lake mahali pengine. Mwaka 2006, karibu miaka thelathini baadaye, Folstein yuleyule ni mmoja wa waandishi wa utafiti uliofanyika hapa hapa Tanzania, ukiongozwa na Raymond Mankoski na wenzao Watanzania wakiwemo. Walikua wanatafuta chanzo cha usonji kwa watoto wetu. Watoto 20 walichunguzwa, 14 wakatimiza vigezo. Na katika hao 14 walifanya kitu kilekile daktari alichonifanyia mimi, kuuliza alikuaje kabla. Saba, malaria haikuhusika. Wanne, malaria na usonji vilikaribiana kwa muda lakini homa yenyewe haikua na uzito wa kutosha kusema hii ndo iliyoleta. Watatu walikua wanakua vizuri kabisa, wakapata malaria kali yenye homa ya muda mrefu na degedege, mmoja alipoteza fahamu kwa muda mrefu, wakapona, na walipopona wakawa na usonji. Umri wao walipougua: miezi 35, miezi 42, na miezi 22.

Miezi 22. Nilisoma hiyo namba nadhani mara kumi. Sisi tulikua Mabogini kule chini kwenye majaruba ya mpunga, maji yamesimama, mbu wa kutosha, na mwanangu aliugua kweli. Na inaeleweka inavyotokea, vimelea vya falsiparamu, aina ya malaria iliyo kali zaidi, vinafanya chembe nyekundu za damu zigande kwenye kuta za mishipa midogo sana ya ubongo, damu inashindwa kupita vizuri, mtoto anakakamaa, na baadhi ya wanaopona wanabaki na madhara. Kwa nini asiwe mwanangu wa nne kwenye orodha ya wale watatu? Nisiwe mkweli nusu nusu, nilitaka awe. Nilitaka sana. Ingekua malaria, basi siyo mimi, siyo kazi yangu, siyo ukoo wetu, ni mbu, na mbu hana wifi.

Tatizo ni kwamba mume wangu hafuti kitu kwenye simu. Kwenye simu yake ya zamani iliyopasuka kioo kulikua na video ya mtoto alipotimiza mwaka, miezi kumi kabla ya homa. Keki ipo, shangazi zake wanapiga vigelegele, mimi namwita jina, namwita, namwita tena, naimba jina lake, na yeye amekaa katikati ya mkeka anazungusha kifuniko cha sufuria na anakitazama kwa pembeni ya jicho, haangalii keki, haangalii mtu. Hageuki hata mara moja. Na mimi kwenye video nacheka, nasema "huyu yuko bize". Nilikua nimeiangalia hiyo video mara nyingi miaka hiyo yote na sikuwahi kukiona kilichokuwemo ndani yake. Kwa hiyo hapana, homa haikua mwanzo. Nilipompelekea daktari aliitazama kimya, akaniambia homa inaweza kuwa imeongeza uzito kwenye kitu ambacho tayari kilikuwepo, au isiwe imeongeza, na hilo hataniandikia kama jambo la uhakika. Nilimheshimu kwa hilo. Wale wanne wa katikati kwenye utafiti, nao watafiti wangeweza kuwasukumia upande wa malaria ikawa habari kubwa zaidi, wakaacha kuwasukuma.

Na nataka mtu asinielewe vibaya hapa. Watoto wengi sana wa huku wanaugua malaria na hawapati usonji, utafiti wenyewe ni wa watoto wachache, na degedege ni la kukimbiza hospitali usiku huo huo, siyo la kupandisha popote kwanza. Mama mkwe alikosea kwenye hilo na nimemwambia kwa adabu.

Kuna mstari mmoja wa mwisho kwenye ule utafiti wa 2006 ambao umenisumbua zaidi kama mwalimu kuliko kama mama. Kati ya watoto wa utafiti ule, 10 walikua hawaongei kabisa, na waandishi wanasema inafanana na ripoti nyingine za usonji kutoka Afrika, wasioongea wanakua wengi kupita inavyotarajiwa. Mimi sidhani watoto wetu wana usonji wa aina yake. Nadhani anayeongea hapelekwi popote. Anayeongea yuko darasani kwangu. Miaka sita iliyopita nilikua na kijana kidato cha pili, anajua mabasi yote ya Moshi kwenda Dar kwa majina na saa za kuondoka, hamtazami mtu machoni, ukibadilisha ratiba ya vipindi anasimama dirishani hakai chini, akisahihisha kosa lako ubaoni anasema kwa sauti mbele ya darasa zima bila kuona kwamba amekukosea heshima. Alichapwa sana yule mtoto. Kiburi, walisema walimu, na mimi nilikua mmoja wa waliosema, na siku moja nilimchapa mwenyewe. Aliacha shule kabla ya mtihani wa taifa. Nimeulizia mpaka kijijini kwao, nimeambiwa yuko stendi anapigia watu debe na anaijua kila gari. Bado sijapata ujasiri wa kwenda kumuona, nitakwenda.

Desemba tulipanda Kibosho kama kila mwaka. Usiku wa pili watu wamelala, mimi na mama mkwe tuko jikoni moto unafifia, nikamwelezea habari ya mapacha. Sikumwambia utafiti wala mwaka, nilichukua mahindi nikayapanga sakafuni mawili mawili, haya ya kufanana, haya ya kawaida. Ni mtu anayefuga, mambo ya damu humfundishi, ukimwambia ndama kafanana na bibi yake anakutajia bibi wa bibi. Aliyatazama yale mahindi kwa muda mrefu. Nikategemea atasema basi ni damu ya kwenu. Akasema, "Shemeji yangu."

Nikamuuliza shemeji yupi. Mdogo wa marehemu mume wake, alishafariki siku nyingi, mimi sikuwahi kumkuta. Walikua wanamwita bubu, akasema, ila hakua bubu maana usiku alikua anasikika akihesabu. Akanyamaza. Na mimi mdomo wangu ukatoa swali lilelile, hata sikulipanga, nikasema, "Mama, alikuaje?"

Akaanza. Kwamba alikua anahesabu mibuni ya kihamba kizima kila jioni na ukikata mmoja bila kumwambia hali siku hiyo. Kwamba mifereji ikifunguliwa alikua anakaa kwenye maji mpaka giza, anayatazama kwa pembeni, hivi, akageuza shingo kunionyesha. Kwamba wakwe walisema mama yake alikanyaga kitu njiani akiwa mjamzito, na yule mama alikufa na hiyo lawama. Mimi nikatoa daftari kwenye pochi nikaanza kuandika, yeye akaona naandika akapunguza mwendo ili nisipitwe, akawa ananirudishia mengine, alianza kutembea lini, nani alikua anaweza kumshika akakubali. Hajui kusoma vizuri lakini alikua anahakikisha.

"Na mtori hakula," akasema. "Maisha yake yote. Ndizi ikipondwa kwake siyo ndizi tena. Mpaka imekaa nzima, na isiguse nyama."

Akanyamaza, akageuka kutazama mlango wa chumba alikolala mwanangu, ambaye mchana ule alikua amemwaga bakuli la mtori chini akalia saa nzima na mama mkwe akasema tunamdekeza. Hakusema kitu. Asubuhi nilimkuta kaamka kabla yetu, kuna sufuria mbili motoni, kubwa ya watu wote na nyingine ndogo, ndani yake ndizi tatu nzima kwenye maji na chumvi.